Miaka tisa wodi ya magonjwa ya akili, sasa nimeanza kujiogopa. Walioacha uuguzi mlianzia wapi?

Wakuu habarini. Ni msomaji wa kimyakimya wa siku nyingi, leo yamenifika shingoni. Mnivumilie kwa urefu.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Miaka karibu yote tisa nimeitumia wodi ya waliozidiwa, ile ambayo ukienda chooni unaenda na funguo kiunoni. Watu wa nje huniuliza, "Hawakupigi?" Nimepigwa mara mbili tu, na mmoja alipopata nafuu alinitafuta mwenyewe kuomba radhi, akashindwa kumaliza sentensi. Wagonjwa hawajanichosha. Kinachonimaliza ni wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini. Unamtuliza mtu kwa maneno dakika arobaini hadi anakubali kumeza dawa, ukigeuka kengele ya chumba kingine inalia. Unamruhusu mtu aende nyumbani huku unajua baada ya muda atarudishwa, kwa sababu huko aendako hakuna wa kumkumbusha dawa.

Sasa kilichonileta. Wiki tatu zilizopita, usiku, nilikuwa na mgonjwa wa kuangaliwa kila dakika 15. Wenye fani mnaijua ile fomu: muda, yuko wapi, anafanya nini, sahihi. Saa tisa na nusu nikajikuta nimejaza visanduku vinne kwa mkupuo, mpaka saa kumi na nusu. "Amelala, anapumua vizuri." Saa yenyewe haijafika! Niliitazama kalamu kama imeshikwa na mtu mwingine. Nikakimbia chumbani. Alikuwa amelala kweli, anapumua. Nikavuta kiti mlangoni kwake nikakaa hapo hadi kukakucha.

Tangu siku hiyo sijiamini. Hata nyumbani, mwanangu akilia najisikia nikimjibu kwa sauti ya wodini, ile ya taratibu isiyo na mtu ndani yake.

Nina miaka 34. Nawaza kufungua huduma yangu ya ushauri nasaha, au niachane na afya kabisa nikasomee kompyuta, au kazi yoyote ambayo jioni unafunga mlango na imeisha. Familia inaona nataka kutupa bahati. Nishaurini.

Kipepeo Mweusi:
Pole sana dada. Acha kazi, uhai kwanza. Kazi zipo tu.

Baba Pacha:
Zipo wapi, mkuu? Tuwe tunashauri kama watu wenye majukumu. Dada, usiandike barua ya kuacha kazi ukiwa umetoka zamu ya usiku. Hilo tu kwanza.

Sista Mstaafu:
Mwanangu, pole. Nimeshika wodi kama hiyo mpaka nikastaafu, kwa hiyo sikusemi kwa kukuonea. Umeandika aya nzima kuhusu ile fomu, lakini hukusema uliifanyaje. Uliisahihisha? Ulimwambia inchaji, msimamizi wa wodi?

Kama bado, kazi mpya isubiri. Kosa kwenye kumbukumbu hukatwa kwa mstari mmoja unaoacha maandishi yasomeke, unaandika ni kosa, unaweka saa na sahihi yako. Halafu unasema. Wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini si kosa lako, na ripoti yako ndiyo mahali pa kuliandika hilo. Sahihi ni yako. Ukinyamaza utaibeba hadi kwenye hiyo kompyuta unayotaka kuisomea.

Kipepeo Mweusi:
Mama, mtu amekuja analia wewe unamletea habari za fomu?

Sista Mstaafu:
Ndiyo, nimemletea. Yeye ndiye aliyeanza nayo.

Nilishatoka:
Dada, mimi ni muuguzi wa akili mwenzako, niliacha wodi mwaka wa sita. Niseme nilivyokosea, labda utaokoa muda.

Nilidhani nauchukia uuguzi. Nikakaa na karatasi nikagawa siku yangu saa kwa saa, nikiweka alama kwenye kila kinachonikausha na kila kinachonirudishia pumzi. Alama mbaya karibu zote ziliangukia usiku, uhaba wa watu na milango iliyofungwa. Kukaa na mgonjwa anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia, nikamweleza kwa nini tunamtoa damu kila wiki mwanzoni, kwamba dawa inaweza kupunguza chembe nyeupe za damu, hilo lilikuwa na alama nzuri. Kumbe nilikuwa naikimbia wodi. Uuguzi wenyewe bado naupenda, na wagonjwa pia.

Nikaingia kwenye utafiti wa dawa, uratibu wa majaribio ya kitabibu. Nilisoma kanuni za GCP, yaani za kuendesha majaribio hayo kwa usahihi na usalama, zile za mwaka 1996 ambazo zimekuwa zikifanyiwa marekebisho, kozi yenyewe si ndefu. Kwenye usaili wakaniuliza nitafanya nini mshiriki akisema hataki kuendelea. Nikajibu kama ninavyomjibu anayekataa sindano yake ya dawa ya kila mwezi: namsikiliza, nahakikisha ameelewa, simlazimishi. Wakatazamana. Kwao hiyo ndiyo shida yao kubwa, sisi tunaifanya kabla ya chai. Na ile tabia yetu ya kuandika kila kitu na saa yake ina thamani huko, maana mshiriki akipata dhara kubwa taarifa kwa kawaida inatakiwa kutoka ndani ya saa 24.

Ubaya wake? Makaratasi. Siku nyingine sioni mgonjwa hata mmoja, na miezi ya kwanza nilikuwa najisikia msaliti kila nikipita karibu na hospitali. Mwenzangu aliingia ufuatiliaji wa madhara ya dawa, mwingine anasimba rekodi za wagonjwa, yaani anaupa kila ugonjwa namba yake ya kimataifa. Kama F20 (skizofrenia) na F31 (baipola) ziko kichwani mwako bila kufungua kitabu, huko huanzi sifuri.

Ila ushauri nasaha sasa hivi, hapana. Ni wodi ileile, mgonjwa mmoja mmoja, tena bila mwenzako wa zamu. Utaruka majivu ukanyage moto.

Kiti Kimoja:
Nilishatoka, hapo mwisho umetia chumvi. Mimi ni mshauri nasaha mwaka wa saba. Idadi ya watu naipanga mwenyewe, na kuna mtaalamu mkubwa ninayekaa naye mara kwa mara kupitia kesi zangu. Wodini nani alikuwa anakaa na wewe baada ya tukio? Nakubaliana na jambo moja tu, asiingie leo. Anayesikia sauti yake haina mtu ndani asikae mbele ya mtu aliyekuja kutafuta mtu.

Nilishatoka:
Sawa mkuu, nimepokea. Nilisema kwa uzoefu wa mmoja aliyeanza peke yake bila msimamizi.

Daktari wa Zamu:
Kuna kitu hakijaguswa. WHO mwaka 2019 waliuingiza uchovu huu wa kazi kwenye ICD-11, orodha yao ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, lakini hawakuuita ugonjwa. Ni hali itokanayo na msongo wa kazi wa muda mrefu usiodhibitiwa, yenye pande tatu: kuishiwa nguvu, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuona hufanyi kazi ipasavyo. Yote matatu umeyaandika bila kuulizwa.

Tatizo ni kwamba sonona huvaa nguo zilezile. Chukua likizo ya kweli, simu ya wodi ikae mbali. Ukiona wiki mbili zimepita na usingizi haujarudi, hakuna kinachokufurahisha, unajilaumu hata kwa yasiyohusu kazi, hapo kubadili kazi pekee hakutakusaidia. Mawazo ya kutotaka kuishi yakija, usisubiri hizo wiki mbili, nenda siku hiyohiyo. Na uende kwa daktari usiyefanya naye kazi. Wauguzi wa akili mna ugonjwa wa kujipima wenyewe koridoni. Mgonjwa akikusimulia ulichoandika hapa, ungemwambia avumilie?

Mtoa mada:
Swali la daktari nililisoma nikaifunga simu siku mbili.

Nimerudi na mrejesho. Sista, nilienda kwa inchaji na ile fomu. Nilitegemea ama anifukuze ama anikumbatie. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisoma, akanipa karatasi ya ripoti, akasema, "Andika na idadi ya watu waliokuwepo zamu hiyo." Akaniondoa usiku kuanzia wiki hiyo. Naitwa kujieleza mwezi ujao. Naogopa, ila nalala.

Likizo nimeanza Jumatatu. Daktari nimempata, sehemu ambayo hakuna anayenijua. Ile karatasi ya saa kwa saa nimeifanya, na imenishangaza. Kukabidhi zamu kumepata alama nzuri! Kumbe napenda kusimulia wagonjwa kwa mpangilio, nani kafanya nini, nini kifuate. Sijui hiyo ni kazi gani.

Mtoto jana kamwaga maji juu ya daftari langu, nikapiga kelele. Baadaye nikamwomba radhi. Ilikuwa sauti yangu lakini.

Nilishatoka:
Hiyo ni uratibu wa kesi, dada. Kuna watu wanalipwa kufanya hivyo tu, mchana. Njoo inboksi nikuonyeshe tangazo la kazi linavyosomeka, usiombe kwanza, soma tu majukumu.

Sista Mstaafu:
Na leseni yako uihuishe, hata kama umeshapata kazi nyingine. Inaisha lini?

Mtoa mada:
Desemba, Sista. Alama za mafunzo ya kujiendeleza, zile za kuhuishia leseni, zimepungua nne.

Sista Mstaafu:
Likizo ikiisha, anza na hizo.