Kuanzisha tawi la fraterniti chuoni Marekani: tupeane uzoefu

Mkaa Ohio (mleta uzi)
Wakuu, kila Agosti vijana wetu wanaingia vyuo vya huku Marekani na kukuta vile vyama vya undugu vyenye herufi za Kigiriki. Haupiti mwezi wanaambiwa "njoo tuanzishe tawi hapa, utakuwa mwasisi". Wanavutwa na huo uasisi, kazi iliyo ndani hakuna anayewaambia. Mnaozijua hizi kamati shusheni mambo ya utendaji: hatua, karatasi, hela, na panapobomokea. Picha za suti baki nazo.

Katibu Mstaafu
Niweke mfuatano kabla watu hawajaanza kubishana.

Mnaanza na ofisi ya chuo inayosimamia fraterniti. Ulizeni kama wanapokea chama kipya na lini. Vyuo vingi hupokea kimoja kwa kipindi, na mkikuta foleni, makao makuu hayawezi kuwarusha. Kisha mnaandikia makao makuu ya chama mkiwa na kundi lenye majina, si watu watatu na ndoto. Wakikubali mnakuwa tawi changa: mna jina na mnalipa ada, lakini bado hamna hati ya kutambuliwa rasmi (charter). Hapo ndipo mnatimiza masharti, yaani idadi ya wanachama, GPA (wastani wa alama za masomo), kanuni za ndani, mlezi, bajeti, bima. Mkimaliza mnaandika ombi la hati, na ombi lenyewe ni jalada nene: mihtasari ya vikao, orodha ya wanachama, taarifa za benki, barua ya chuo. Mwisho ni kuapishwa na kukabidhiwa hati. Kwa kawaida ni safari ya mwaka mmoja hadi miwili.

Viwango vinatofautiana chama kwa chama. Soma karatasi ya chama chako, ya jirani achana nayo.

Binti Pangani
Nakazia hapo kwenye ofisi ya chuo. Wengi wanachapisha fulana kwanza.

Alama Tatu
Panapobomokea ni GPA. Watu wanahesabu vichwa wanasahau wastani. Chukua kundi la 20 lenye wastani wa 2.9. Mmepungukiwa watu 5, mnaokota 5 wa haraka wenye 2.1. Wastani unashuka hadi 2.74. Kama sharti ni 2.75, mmepata idadi mkapoteza hati.

Halafu alama hazitoki kwa kuombwa tu. Sheria ya faragha ya wanafunzi, FERPA, inataka kila mwanachama asaini ruhusa ndipo chuo kitoe alama zake kwa makao makuu. Kusanya saini siku mtu anapojiunga. Ukisubiri wiki ya mitihani utawafukuza watu maktaba.

Sauti ya Moshi
Mie nasema makao makuu ya nini mwanzoni? Undeni chama chenu cha hapohapo chuoni, kikue, ndipo mwombe kuingia kwa wakubwa. Hata wakubwa walianza hivyo. Alpha Phi Alpha pale Cornell kilianza kama klabu ya kujisomea, wakabishana weee kama wabaki klabu au wawe fraterniti, hadi Desemba 4, 1906 wakaamua. Kappa Alpha Psi walikuwa wanafunzi kumi pale Indiana mwaka 1911, tena kwa jina la Kappa Alpha Nu. Jina la sasa likaja 1915.

Mama Kilinge
@Sauti ya Moshi unachanganya mafaili. Hao unaowataja ni sehemu ya vyama tisa vya Weusi vilivyo chini ya NPHC, baraza lililoundwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1930. Historia yao hiyo haikupi wewe wa leo ruhusa ya kuunda kikundi kisha ukajitangaza kuwa ni tawi lao linalokuja. Ukijiita hivyo hadharani umejifungia mlango. Kwao kuna matawi ya waliohitimu, na tawi hilo la eneo lako ndilo linalosimamia la wanafunzi. Unahudhuria shughuli zao za wazi, unajulikana, unasubiri watangaze wanapokea. Tangu 1990 walifuta ule utaratibu wa zamani wa kuwaweka wapya kwenye "msitari" wa mateso, sasa kuna mchakato rasmi wenye fomu na tarehe.

Sauti ya Moshi
Sijasema wajitangaze. Nimesema waunde chao.

Mama Kilinge
Umesema "kisha waombe kuingia". Kwa vyama vya NIC, ule muungano mwingine wa fraterniti, hilo linawezekana, makundi ya namna hiyo yamepokelewa sana. Kwa NPHC haliendi hivyo. Taja ni kapu gani, vijana watakusoma wakaumie.

Kisiki
Naagiza popcorn.

Mwana wa Kibera
Na bima wadau? Hapo ndio wanafunzi hushtuka. Makao makuu hugawa gharama kwa kichwa, kulingana na orodha mliyotuma. Msipowaondoa walioacha kabla ya tarehe ya kufunga orodha, mnalipia hewa. Watu 6 wameacha bila kuandika barua na bado invoisi inakuja na majina yao. Mweka hazina awe na tarehe hiyo kwenye simu.

Katibu Mstaafu
Kwa kuwa hela imetajwa, niwape kisa cha tawi changa moja huko kwenye majimbo ya kati. Jina silitaji na chuo pia sitaji.

Walikuwa 31. Kila mmoja alichanga dola 120 za ukumbi na chakula cha siku ya hati, jumla 3,720. Akaunti ya tawi haikuwepo. Mwenyekiti akasema "tuweke kwangu kwa muda, nina akaunti isiyotumika". Kila mtu akaona afadhali, benki zinasumbua. Kijana mwenyewe mwaminifu, ana daftari, kila risiti kaibandika kwa gundi na tarehe pembeni.

Kumbe ana deni la hospitali la miaka ya nyuma, limeshapelekwa mahakamani na hukumu imetoka. Mdai akapata amri ya kukamata fedha zilizo benki kwa jina lake. Benki haiulizi hela ni ya nani. Inaangalia jina la akaunti. Siku 12 kabla ya sherehe salio likasoma sifuri. Ukumbi ulitaka malipo ya mwisho siku 10 kabla. Wajumbe wa makao makuu wameshakata tiketi za ndege. Kikao kikaitwa saa tano usiku, nusu wanamwita mwizi, nusu wanalia naye, na lile daftari lipo mezani, kila senti imeandikwa.

Sherehe haikufanyika siku ile. Lakini hela siyo iliyoahirisha hati. Makao makuu yalipouliza taarifa ya benki ya tawi, ambayo ni sharti la ombi, haikuwepo hata moja.

Binti Pangani
Mungu wangu. Hela ilirudi?

Kisiki
Alikula huyo. Daftari la gundi ni maigizo.

Mama Kilinge
@Kisiki soma tena, hela imechukuliwa kwa amri ya mahakama.

Kisiki
Mwenye deni anajijua ana deni. Kwa nini akubali kushika hela ya watu?

Mwana wa Kibera
Hapo Kisiki ana point kidogo.

Mkaa Ohio
Jamani tusihamie kwa kijana wa watu. Akaunti inafunguliwaje?

Binti Pangani
Ila hela ilirudi au?

Fomu na Mihuri
Akaunti ya tawi inahitaji namba ya mwajiri, EIN, hata kama hamwajiri mtu. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanatoa bure. Ukiona tovuti inataka dola 200, hiyo ni ya wajanja. Mtandaoni inatoka papo hapo, ila anayeombea lazima awe na SSN (namba ya hifadhi ya jamii) au ITIN (namba ya mlipakodi asiye na SSN). Wengi wetu wa F-1, viza ya wanafunzi, wasio na kazi chuoni hatuna. Hapo mnajaza fomu SS-4, kwenye mstari wa 7b mnaandika "foreign", mnatuma kwa faksi au posta. Msiazime SSN ya mtu asiye kiongozi ili kwenda haraka. Anayeandikwa pale IRS wanamhesabu ndiye mwenye mamlaka juu ya fedha zenu. Akihitimu mnabadilisha kwa fomu 8822-B ndani ya siku 60.

Benki itataka barua ya EIN, kanuni za tawi, na muhtasari wa kikao kilichowachagua watia saini, akidi ikiwa imeandikwa. Muhtasari usio na akidi unarudishwa.

Kingine. Fraterniti nyingi ziko chini ya kifungu cha sheria ya kodi 501(c)(7), klabu za kijamii. Anayewachangia hapunguziwi kodi, msimwahidi. Mapato yakiwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, mnajaza 990-N, taarifa fupi ya mwaka kwa IRS, mtandaoni, dakika chache. Mwaka wa fedha ukiisha Juni 30, mwisho ni Novemba 15. Mkikosa miaka mitatu mfululizo msamaha wa kodi unafutika wenyewe. Na viongozi wa chuoni hubadilika kila mwaka, kwa hiyo miaka mitatu ni viongozi watatu, kila mmoja akidhani mwenzake alijaza.

Sauti ya Moshi
Uzi ungeishia hapa.

Alama Tatu
Nyumba pia. Mwaka wa kwanza msikodi nyumba. Mkataba wa miezi 12 unasainiwa na watu, si na tawi, na miji mingi inapima ni watu wangapi wasio ndugu wanaruhusiwa kukaa humo.

Mwana wa Kibera
Kodini. Bila nyumba hakuna anayewajua.

Alama Tatu
Basi saini wewe.

Mama Kilinge
Kunyanyasa wapya msijaribu hata kwa utani. Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo viweke hadharani vikundi vilivyokutwa na hatia. Tawi changa likiingia kwenye orodha hiyo hakuna hati. Pombe nayo: vyama vya NIC vimekataza kali, yaani inayozidi asilimia 15, kwenye nyumba na shughuli za matawi tangu Septemba 2019, isipouzwa na mwenye leseni.

Binti Pangani
Dogo la mwisho: majina ya hati. Wenzetu wenye majina matatu hukuta chuo kimegeuza, jina la babu limekuwa la kwanza. Hati huandikwa kwa mkono wa maandishi ya urembo, ikishatoka imetoka. Katibu apitishe karatasi kila mtu aandike kwa herufi kubwa na asaini. Na mkubaliane mapema nani namba moja kwenye kitabu cha wanachama. Vyama vingine hufuata alfabeti, vingine mpangilio wa kusaini, na hapo ndipo waasisi hununiana miaka kumi.

Kisiki
Kwa alfabeti akina Abdallah watatutawala.

Mkaa Ohio
@Fomu na Mihuri, namba ya faksi ya hiyo SS-4?

Fomu na Mihuri
Iko kwenye maelekezo ya fomu. Itoe hapo, usichukue ya kwenye magrupu ya WhatsApp. Na karatasi ya kuthibitisha faksi imeenda msiitupe.

Binti Pangani
@Katibu Mstaafu hela?