Naomba ushauri: pasi na vibali vya kutembea kwa miguu hifadhi za Marekani, tuko wanne, Septemba

Kiatu_Kikuukuu
Wakuu, heshima kwenu. Tuko wanne, watu wazima watatu na kijana wa miaka 14, na hakuna mkaazi wa Marekani kati yetu. Tunatua California mwanzoni mwa Septemba 2026, tunakodi gari na kuendesha wenyewe. Mpango ni Yosemite kupanda Half Dome (mlima wa mwamba unaopandwa mwishoni kwa kushika nyaya), kisha Zion kupanda Angels Landing, Bryce Canyon, The Wave (miamba yenye umbo la mawimbi) tukijaliwa, na kumalizia Grand Canyon. Sasa hivi ni katikati ya Aprili. Kila ninapofungua ukurasa nakutana na neno jipya: pasi, kibali, bahati nasibu, kuweka nafasi. Je, pasi moja ya mwaka inamaliza yote? Na kama haimalizi, tuombe nini na lini? Naomba wanaojua wanielekeze kabla sijalipa chochote.

Mzee wa Ramani
Karibu mkuu. Haimalizi. Pasi ni kiingilio: inakuvusha getini na gari lako, basi. Kibali ni ruhusa ya kupita njia fulani siku fulani, au kulala porini usiku fulani. Mwenye pasi ghali kuliko zote bado atageuzwa chini ya nyaya za Half Dome kama hana kibali, na mwenye kibali bado atalipa kiingilio getini. Hakuna kinachoziba pengo la kingine.

Kitu cha kwanza kuuliza kila unakokwenda ni ardhi hii ya nani. Yosemite, Zion, Bryce na Grand Canyon ni hifadhi za taifa, zina geti. The Wave iko kwenye ardhi ya BLM, shirika la serikali kuu linalosimamia ardhi ya umma. Huko hakuna geti wala kibanda cha tiketi, lakini ndicho kibali kigumu kuliko vyote ulivyotaja. Halafu njiani mtapita kwenye ardhi za Wanavajo, taifa la wenyeji asilia wa Marekani, ambazo si ardhi ya umma kabisa. Antelope Canyon iko huko, na haiingiliki bila ziara yenye kiongozi aliyeidhinishwa, yenye malipo yake. Na Horseshoe Bend, pale ambapo kila mtu hupigia picha, maegesho ni ya mji wa Page: dola 10 kwa gari na pasi ya taifa haitambuliwi. Watu hubishana na yule mlinzi wa maegesho bure tu.

Hifadhi za majimbo nazo zina utaratibu wake. Mkiona bango linasema State Park, jueni pasi ya taifa haifanyi kazi hapo.

Hesabu_Kwanza
Upande wa pesa kuna mabadiliko ya Januari 1, 2026 ambayo makala nyingi za zamani hazina. Pasi ya mwaka ya dola 80 sasa ni ya wakaazi wa Marekani tu, na wanaonyesha kitambulisho cha huko. Asiye mkaazi ananunua ya dola 250. Asipokuwa nayo, katika hifadhi 11 zenye wageni wengi zaidi anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na kuendelea, juu ya kiingilio cha kawaida. Hifadhi zenu zote nne zimo kwenye hizo 11.

Kiingilio cha kawaida cha gari binafsi ni dola 35 kwa siku 7, kila hifadhi. Ninyi mna vichwa vitatu vya kulipia, kijana wa 14 hahesabiwi. Kwa hiyo hifadhi moja ni 35 jumlisha 300, yaani dola 335. Hifadhi nne ni 1,340. Pasi ya dola 250 inalipa gharama yake kwenye geti la kwanza tu. Na inatosha moja, kwa sababu inabeba mwenye pasi na abiria walio kwenye gari lake binafsi. Gari la kukodi mnaloendesha wenyewe ni binafsi. Basi la kampuni ya utalii lina hesabu nyingine.

Inunuliwe Recreation.gov, tovuti ya serikali ya pasi na vibali, ya kidijitali, kwa jina la mtu atakayekuwepo kwenye gari siku zote za safari. Ipakueni kwenye simu mkiwa bado na intaneti. Getini mnaonyesha pasi pamoja na paspoti ya mwenye pasi. Jihadharini na tovuti zinazofanana na ile ya serikali na kuongeza "ada ya huduma".

Nyayo
Kaka, mie niongelee tarehe maana ndizo zitakazowaponza. Nafuata mpangilio wa kalenda, si wa safari yenu.

The Wave kwanza. Bahati nasibu ya mapema hufanyika miezi minne kabla: ya Septemba inaombwa Mei 1 hadi 31, majibu Juni 1. Ada ya kuomba dola 9, hairudi. Mkipata, dola 7 kwa kila mtu, na hata mbwa analipiwa. Kundi lisizidi 6. Kwa siku wanaingia watu 64 tu: 48 kutoka bahati nasibu hii, na 16 kutoka ile ya kila siku.

Angels Landing inafuata. Ya Septemba hadi Novemba inaombwa Julai 1 hadi 20. Ada dola 6 kwa ombi la watu wasiozidi 6, kisha dola 3 kwa kichwa mkipata. Unapanga siku na saa kwa upendeleo. Msijaze Jumamosi zote, wekeni siku za katikati ya wiki na muda wa baada ya adhuhuri pia. Mkikosa, kuna bahati nasibu ya siku moja kabla: inafunguka saa sita na dakika moja usiku, inafungwa saa tisa alasiri, majibu saa kumi jioni, saa za Utah. Mkikosa na hiyo, njia bado ipo wazi bila kibali hadi Scout Lookout, mahali pa kutazamia mandhari. Kibali kinaanzia hapo penye minyororo ya kushikilia.

Half Dome mmechelewa ile bahati nasibu kubwa. Hiyo huombwa Machi. Iliyobaki ni ya kila siku: unaomba siku mbili kabla ya siku ya kupanda, kati ya usiku wa manane na saa kumi jioni saa za California, majibu usiku ule. Dola 10 kuomba, dola 10 kwa mtu mkipata.

Bryce na njia za mchana za Grand Canyon hazina kibali. Kulala ndani ya bonde la Grand Canyon ndiko kunahitaji.

Jiwe la Pembeni
Kwa Half Dome, kila mmoja wenu watatu afungue akaunti aombe mara tatu tatu kwa majina tofauti ya kiongozi wa kundi. Mnaongeza nafasi.

Mzee wa Ramani
Hapana mkuu, usimpoteze. Mtu mmoja akijaza maombi zaidi ya moja kama kiongozi, yanafutwa yote, na ada imeshaliwa. Kinachoruhusiwa ni kila mtu mzima kuomba mara moja kwa jina lake, akiwataja wote wanne kama kundi. Hapo mna maombi matatu halali. The Wave vilevile, mtu anaomba mara moja tu kwa mwezi.

Na hili la majina ni zito kuliko linavyoonekana. Kibali kina kiongozi na, ukimjaza, kiongozi mbadala. Mmoja wao lazima awe pale mlimani na kitambulisho chenye jina lile lile. Kibali hakiuzwi, hakihamishwi, na jina halibadilishwi baadaye. Akaunti ikifunguliwa kwa jina la "Mama Asha" wakati paspoti inasema vingine, kundi zima linarudi. Kwa hiyo andikeni majina kama yalivyo kwenye paspoti, herufi kwa herufi, na kila mara jazeni mbadala. Kiongozi akiugua tumbo asubuhi ile na hakuna mbadala, kibali kimekufa.

Askari wa hifadhi hukagua chini ya kile kilima cha mwisho kabla ya nyaya, na mtandao huko si wa kutegemea. Pigeni picha ya kibali, msikitegemee kwenye barua pepe.

Kiatu_Kikuukuu
Asanteni sana, mmenifungua macho. Swali la nyongeza: nimesoma kwamba anayelala porini Yosemite anapata Half Dome bila hiyo bahati nasibu ya kila siku. Ni kweli? Na ile ya The Wave ya watu 16, inaombwaje?

Nyayo
Ya kwanza ni kweli kiasi. Watu 300 kwa siku wanaruhusiwa kwenye nyaya: 225 wa kwenda na kurudi siku moja, 75 wa wanaolala porini. Hao 75 wanaomba Half Dome pamoja na kibali cha kulala, dola 10 kwa mtu. Lakini kibali cha kulala nacho kina foleni. Asilimia 60 ya nafasi hutolewa kwa bahati nasibu wiki 24 kabla, na ya mwanzoni mwa Septemba imeshapita. Asilimia 40 hufunguliwa siku 7 kabla, saa moja asubuhi ya California, ambayo ni saa kumi na moja jioni Afrika Mashariki. Kaeni mmeshaingia kwenye akaunti, kadi imehifadhiwa, njia mbili tatu mbadala mkononi. Njia ya kuanzia iwe inayopeleka Half Dome kweli. Huwezi kuchukua kibali cha upande mwingine wa hifadhi ukaomba nyaya. Na chakula chote kilale ndani ya kopo lile gumu la kuzuia dubu. Kukitundika mtini hairuhusiwi.

Vumbi Jekundu
The Wave ya kila siku: inaombwa siku mbili kabla, kwa simu, na lazima simu iwe ndani ya eneo lililowekewa mipaka kuzunguka miji ya Kanab na Page. Huwezi kuomba ukiwa Yosemite. Washa huduma ya mahali kwenye simu, la sivyo mfumo unakukataa hata ukiwa Kanab katikati. Waliopata wanahudhuria maelezo ya usalama asubuhi ya siku moja kabla ya kutembea, ndipo wanakabidhiwa kibali. Asiyefika hapewi.

Kwa maana hiyo jaribio moja linakula siku tatu: kuomba, maelezo, kutembea. Wekeni usiku mbili au tatu mfululizo Kanab, mnaomba kila siku huku mnazunguka jirani.

Halafu saa. Kanab iko Utah, Page iko Arizona, na Arizona haisogezi saa mbele majira ya joto kama Utah. Septemba Page iko nyuma ya Kanab kwa saa moja. Ardhi ya Wanavajo iliyo Arizona yenyewe inasogeza. Simu inayojibadilisha yenyewe mpakani imewakosesha watu maelezo ya asubuhi. Ukiandikiwa saa, uliza ni ya Utah au ya Arizona, kisha weka kengele kwa mkono.

Njia ya The Wave inaanzia Wire Pass, barabara ya House Rock Valley, ambayo ni ya vumbi. Mvua ikinyesha inageuka tope zito na gari dogo la kukodi halipiti. Kibali ni cha siku moja na hakisogezwi kwa ajili ya mvua. Pia someni mkataba wa gari, mingi inakataza barabara za vumbi.

Hesabu_Kwanza
Kuna suala la kuweka nafasi ya kuingia hifadhini kwa muda maalumu. Hilo ni karatasi ya tatu, si pasi wala kibali cha njia. Yosemite imekuwa ikiliweka na kuliondoa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo angalieni ukurasa wa hifadhi yenyewe wiki mnapokata tiketi za ndege, na tena wiki mbili kabla ya safari. Zion tatizo ni jingine: magari binafsi hayaingii barabara ya bondeni wakati mabasi ya hifadhi yanafanya kazi, na Septemba yanafanya. Basi ni bure. Mwenye kibali cha asubuhi cha Angels Landing apige hesabu ya foleni ya basi.

Kiatu_Kikuukuu
Nimeelewa. La mwisho: yule wa miaka 14 halipi getini, basi kwenye maombi ya vibali nimwache nje nipunguze kundi?

Nyayo
Usithubutu kaka. Kwenye vibali anahesabika kama mtu mzima na analipiwa vilevile. Andika wanne kila ombi. Ukiandika watatu na mkafika wanne, mmoja anabaki chini, na kwa kuwa ni mtoto, mtu mzima atabaki naye.