Tupeane uzoefu: dawa za kupunguza kilo haraka, zilikufanyia nini?

Yaya wa Katuba

Jambo yenu, bandugu.

Mdogo wangu anaolewa mwezi wa nane. Gauni lake limeshonwa kwa vipimo vya mwili ambao bado hajaupata. Wiki mbili zilizopita nilimkuta saa kumi za usiku ameketi ukingoni mwa kitanda, moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, midomo imekauka. Chini ya mto kulikuwa na kopo la vidonge lililoandikwa kuwa ndani ni majani matupu. Jina la kiwanda hakuna. Alilinunua kwa mama mmoja anayeleta bidhaa kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa siku 18 alikuwa amepungua kilo 6, na nyumbani wote tulikuwa tunampongeza.

Hapo ndipo panaponiuma. Mimi ndiye niliyemwambia "umenona sana" mbele ya mama wadogo, siku ya kupokea mahari.

Mliowahi kutumia dawa za namna hii, naomba mseme: ilikuwa dawa gani, ulipungua kiasi gani, mwili ulilipa nini, na ulipoacha ikawaje. Tusichekane, tafadhali.

Mama wa Kamalondo

Yaya, pole. Mimi nilianzia upande wa pili. Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa mwembamba, na hapa kwetu mwembamba anaulizwa kama ana ugonjwa. Rafiki akanipa dexa, yaani deksamethasoni, pamoja na vidonge vya kuamsha njaa. Miezi miwili tu uso ukawa duara, mashavu yamejaa, kila mtu ananisifu. Nilipoacha ghafla nilishindwa hata kuinua ndoo ya maji. Daktari alinieleza kuwa dexa inafanana na homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe kwenye tezi zilizo juu ya figo. Ukimeza kwa muda mrefu tezi zile hulala, na ukiacha siku moja haziamki siku hiyohiyo. Inabidi kupunguza kidogo kidogo chini ya macho ya daktari.

Kunona kulibaki. Nilipofika kilo 94 nikaanza kutafuta dawa ya kushuka, nikaenda farmasi ya mtaani nikauziwa furosemidi, dawa ya kukojoza maji, bila karatasi ya daktari. Ni dawa ya kweli, inawasaidia watu wenye moyo dhaifu na miguu iliyovimba. Mimi sikuwa nao ugonjwa huo. Siku mbili, kilo 3 chini! Nililia kwa furaha. Wiki ya pili misuli ya miguu ikaanza kukaza usiku, na Jumapili moja nilianguka kanisani wakati wa kusimama kuimba. Potasiamu ilikuwa imeshuka vibaya, na bila potasiamu mapigo ya moyo huenda ovyo. Nilikuwa nimepoteza maji na chumvi, mafuta yako palepale. Nilipoacha, miguu ilivimba kuliko mwanzo kwa siku kadhaa, na kilo zote 3 zikarudi kabla wiki haijaisha.

Niliogopa zaidi nilipojua kwamba ningeweza kufa na kilo zangu zote.

Muuguzi wa Kampemba

Yaya wa Katuba, kabla ya kusoma mengine: mdogo wako aache leo, na kopo usilitupe. Liende naye kwa daktari. Apimwe tansio (shinikizo la damu) na mapigo ya moyo, afanyiwe na elektrokadiogramu, kile kipimo cha umeme wa moyo, ikipatikana. Akisikia kifua kinabana, upande mmoja wa mwili ukilegea au maneno yakimkwama, ni haraka ya usiku huohuo.

Nieleze kwa nini. Vidonge vinavyoitwa vya majani ambavyo vinaua njaa kuanzia siku ya kwanza, nchi nyingi zimevipima zikakuta ndani sibutramini. Hiyo ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, kwa sababu utafiti mkubwa ulionyesha kuwa wenye ugonjwa wa moyo walioitumia walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Inapandisha tansio, inakimbiza moyo, inakausha mdomo, inafukuza usingizi. Soma tena ulivyomkuta mdogo wako. Sisemi ndiyo aliyomeza, maana macho hayapimi kidonge. Lakini majani matupu sidhani.

Wanaosema "ikiuzwa farmasi ni salama" nao wasikie habari ya dawa iliyoitwa Mediator. Iliuzwa Ufaransa tangu 1976 hadi 2009, kwa jina la dawa ya wagonjwa wa kisukari, na watu wengi waliandikiwa ili wakonde. Iliharibu vali za moyo. Daktari wa mapafu wa Brest, Irène Frachon, ndiye aliyepiga kelele mpaka akasikika, na kampuni iliyoitengeneza ilihukumiwa Paris mwaka 2021. Dawa nyingine ya ukoo huohuo, Isoméride, ilikuwa imeshaondolewa tangu 1997. Ni nchi yenye maabara na wakaguzi, na bado ilichukua miaka 33. Kopo lisilo na jina la kiwanda nani atalikagua?

Mwana wa Ruashi

Mimi nilitumia orlistati, vidonge halali vyenye boksi. Kazi yake ni kuzuia tumbo lisinyonye sehemu ya mafuta unayokula, na mafuta hayo hutoka kama yalivyo. Nilikula sombe (majani ya muhogo) yenye mawese ya kutosha, nikapanda taksi-basi kwenda mjini. Sikufika mjini. Aibu ile nimeificha miaka minne. Miezi mitatu, kilo 2 na nusu. Hakuna aliyeniambia kuwa vitamini A, D, E na K nazo hupotea njia hiyo, na kwamba multivitamini inamezwa angalau saa mbili kabla au baada ya kidonge, kwa mfano wakati wa kulala.

Baba Mapacha

Mimi nitasema upande ambao haujasemwa, kwa sababu dawa ilinisaidia na sitaki kuficha.

Nina kisukari cha aina ya pili. Nilikuwa na kilo 118. Daktari aliniandikia semaglutidi, ile wengi wanaita Ozempic, sindano ya mara moja kwa wiki. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, ndipo unapanda. Ndugu zangu walio Ulaya walikuwa wanaituma na wasafiri. Kwa miezi saba nilishuka kilo 13, sukari ikatulia, magoti yakaacha kuniuma. Bukari, yaani ugali, niliyokuwa namaliza ikawa ninaikata robo, nimeshiba. Mwezi wa kwanza nilitapika sana, na choo kilikuwa kigumu.

Sasa gharama. Kalamu ya sindano ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye frigo kati ya digrii 2 na 8. Huku umeme unakatika jioni na kurudi alfajiri, wakati mwingine siku nzima. Nilinunua sanduku la barafu na kipimajoto, nikawa naamka usiku kuangalia. Barafu nayo isiguse, maana iliyoganda haifai tena. Ukishaifungua inavumilia hadi digrii 30 kwa wiki 6, lakini mwezi wa kumi nyumba yangu ya mabati inapita digrii 30 kabla ya saa sita mchana.

Halafu msafiri hakuja. Nikabaki bila dawa. Njaa ilirudi kama mtu aliyekuwa amefungiwa nje. Ndani ya mwaka kilo 9 zimerudi. Baadaye nilisoma kuwa katika majaribio watu walipungua karibu asilimia 15 ya uzito kwa wiki 68, na walioacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo sikuwa mzembe, ndivyo dawa inavyofanya kazi. Mtu anayeanza ajiulize kwanza kama ataweza kuinunua mwaka ujao. Sehemu ya niliyopoteza ilikuwa nyama ya mwili, si mafuta tu. Hata ngazi za ofisini zilinishinda mpaka nilipoanza kula maharage na ndakala (samaki wadogo wakavu) kila siku na kubeba mizigo kidogo.

Katika shida yangu kijana mmoja aliniletea kalamu kwa nusu bei. Sikuichukua. Mwezi wa sita 2024 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazili, Uingereza na Marekani. Huko Austria, 2023, watu walilazwa kwa kushuka sukari baada ya kujidunga bandia, ikashukiwa kuwa ndani mlikuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akijidunga insulini bila kujua anaweza asiamke.

Nikiipata kwa uhakika nitarudia, kwa sababu sukari inanila. Kwa ajili ya gauni, hapana.

Muuguzi wa Kampemba

Baba Mapacha, asante. Niongeze moja kwa bibi harusi: semaglutidi huachwa angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Na kushuka haraka, kwa dawa au kwa kufunga kula, huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Maumivu ya ghafla chini ya mbavu za kulia baada ya chakula yasipuuzwe.

Fundi Cherehani

Ninashona magauni ya arusi miaka 19. Kila mshono wa ubavu naacha sentimita 4 za kitambaa ndani, bila kumwambia mteja. Yaya wa Katuba, gauni la mdogo wako likifunguliwa mishono utajua kama fundi wake aliacha. Kama hakuacha, mgongo unageuzwa kuwa wa kamba, linakaa vizuri hata kilo zikibadilika. Niandikie pembeni, sitamtoza.

Yaya wa Katuba

Narudi baada ya wiki tatu. Tansio yake ilikuwa 160 kwa 100, naye ana miaka 26. Aliacha siku ileile, na daktari alibaki na kopo. Sasa ni 125 kwa 80, analala usiku mzima. Kilo 4 zimerudi. Nilimwomba msamaha mbele ya mama wadogo walewale.

Fundi, mshono una sentimita 1 tu. Tunakuja Jumamosi kwa ajili ya kamba.