Naomba ushauri: picha ya Spider-Man wawili kwenye fulana

Ndugu wanachama, habari za majukumu. Ninachapa fulana hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mteja mmoja ameniletea ile picha ya utani ya Spider-Man wawili wanaonyoosheana vidole, akitaka fulana kumi na mbili kwa ajili ya sherehe ya wanawe mapacha.

Nilidhani ni mchoro wa mitandaoni usio na mwenyewe. Nilipofuatilia, nikakuta umetoka katika katuni ya televisheni iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 1967, katika kipindi kiitwacho Double Identity, ambamo mhalifu hodari wa kujigeuza anavaa mavazi ya Spider-Man hadi shujaa mwenyewe akakutana na nakala yake. Katuni ile ilitengenezwa kwa fedha kidogo, michoro ikirudiwarudiwa, na kwangu mimi uchekeshaji wake uko hapo hapo. Mwaka 2022 hata Tobey Maguire, Andrew Garfield na Tom Holland, walioigiza Spider-Man kwenye filamu, walipiga picha wakiiga mkao huo.

Tatizo ni kwamba mhusika huyu ni mali ya Marvel, kampuni iliyo chini ya Disney tangu 2009, nasi tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Mteja amekwisha kunilipa nusu. Je, yupo aliyewahi kuwauliza COSOTA, ofisi inayosimamia hakimiliki nchini, kuhusu jambo la namna hii, au nimshawishi mteja tuwachore mapacha wenyewe wakinyoosheana vidole?