Asilimia 40 ya jimbo: kwa nini Kenya pesa inafika chini, kwetu Kongo (DRC) haifiki?

Mama Sambaza (Bukavu): Jameni, nisaidieni. Kila asubuhi nalipa kodi ya meza sokoni, napewa kikaratasi. Mtaro mbele yangu umeziba tangu mvua zianze. Nimeweka ubao wateja wavuke. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 175, yasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, ikatwe palepale inapokusanywa. Kenya kaunti 47 zimeahidiwa angalau asilimia 15 tu, na dada yangu kule anatibiwa zahanati ya kaunti!

Mwalimu (Lubumbashi): Pole mama. Kule Bunge hupitisha sheria ya mgao kila mwaka. Kwetu pesa hupanda Kinshasa kwanza, ndipo tungoje irudi. Mwaka 2015 jimbo la Katanga lilikatwa vipande vinne, majimbo ya nchi yakawa 26. Ofisi zilitangulia pesa.

Kijana wa Goma: Hata Kenya magavana hulalamikia kucheleweshewa. Lakini mama, kodi ya meza si ile 40. Hiyo inakusanywa hapohapo.

Mama Sambaza: Kumbe! Vikaratasi vyote ninavyo kwenye kopo. Kesho namuuliza mtoza kodi: pesa yake inaingia mfuko wa komine (sehemu ya mji), wa mji au wa jimbo?