Mfumo wa kununua, wa kulipia kila mwezi, au nibaki na daftari? Kiwanda kidogo cha sabuni, Mwanza

MamaMche · Jumanne, saa 2:10 usiku
Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanda kidogo cha sabuni hapa Buzuruga, huu mwaka wa sita. Miezi mitatu sasa mauzo yanapanda, lakini ikifika siku ya kuagiza mawese mfukoni hamna kitu. Shemeji yangu anasema tatizo ni daftari, niingie kwenye mfumo wa hesabu wa kompyuta. Njia nilizonazo ni hizi: kijana wa mjini anafunga mfumo kwenye kompyuta kwa milioni 1.8, unalipa mara moja. Mwingine ana wa mtandaoni, 65,000 kwa mwezi. Au nibaki na daftari, nitafute binti wa kuingiza hesabu kwenye Excel, na ile hela niongezee kwenye mashine ya kukatia miche. Nataka kuamua kabla mwezi haujaisha. Ipi bora?

Chuma_Igogo · saa 2:31
Dada, umetuachia mlango nusu. Mche tu au na sabuni ya maji? Bechi ngapi kwa wiki? Unauza taslimu au mali kauli? EFD, ile mashine ya risiti ya TRA, unayo? Bila hayo kila mtu atakushauri kilichomfaa yeye.

Mhasibu_Kirumba · saa 2:40
Na hela ya nyumbani inatoka wapi?

MamaMche · saa 3:05
Samahani wakuu. Mche zaidi, ya maji kidogo. Bechi nne kwa wiki, kila moja mafuta kilo 100. Vijana wanne pamoja na mimi. EFD ninayo. Mali kauli ni karibu nusu ya mauzo: maduka ya Nansio, Sengerema na Magu. Daftari nashika mwenyewe, nikisafiri anashika mdogo wangu. Hela ya nyumbani inatoka humo humo, sitaficha.

KijanaWaMifumo · saa 3:12
Mama, usitoe milioni 1.8. ERPNext ni programu ya chanzo huria, yaani hulipii leseni, Odoo ya Ubelgiji nayo ina toleo huria, zote zina sehemu ya uzalishaji. Programu ya hesabu ya Manager, ile ya kukaa kwenye kompyuta, haina malipo kabisa. Mfumo mzuri upo bure, kinachotakiwa ni mtu wa kuuseti.

Chuma_Igogo · saa 3:20
Huyo mtu wa kuuseti analipwa nini? Na siku akipata kazi Dar?

Mhasibu_Kirumba · saa 3:58
Dada, kabla ya mfumo tuongee sabuni. Kilo 100 za mawese zinakula kilo 14 hivi za kostiki soda, na maji juu yake. Ikitoka kwenye boksi unapata zaidi ya kilo 140, lakini hiyo ni sabuni mbichi. Mche uliokatwa kilo moja leo, ukikaa wiki tatu si kilo tena, na mwenye duka ana mizani. Ukitaka ufike Nansio na kilo yake, lazima uukate mkubwa zaidi, kwa hiyo bechi ile ile inatoa miche michache. Sasa daftari lako linagawa gharama kwa miche ipi, ya siku ya kukata au ile inayofika dukani? Na kuni, umeme, nauli ya boti, posho za vijana, vimo? Nimeona viwanda vidogo vingi vikifa huku wateja wamepanga foleni, kwa sababu kila mche uliouzwa ulikuwa unaondoka na shilingi hamsini ya mwenye kiwanda.

Halafu hili ni la muhimu: programu nyingi zinazouzwa mjini ni za duka. Zinajua kununua katoni na kuuza katoni. Kupika hazijui. Wewe unanunua mawese unauza sabuni, kwa hiyo stoo ya mawese kwenye kompyuta haitapungua mpaka mtu aipunguze kwa mkono. Mwambie huyo kijana akuonyeshe, mbele ya macho yako, bechi moja ikiingia kama mawese na kostiki ikatoka kama miche. Akishindwa, usimpe hata shilingi.

Mkate_Nyegezi · saa 4:45
Niseme yaliyonikuta, isijirudie kwa mwingine. Nilikuwa na oveni mbili, napelekea maduka 23 mikate ya mali kauli. Nikauziwa mfumo, ukafungwa kwenye kompyuta moja ya mtumba. Miezi minane ulifanya kazi vizuri sana, kila jioni najua nani ananidai na nani namdai, mpaka nikaacha kuandika daftari. Msimu wa mvua umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, kompyuta ikazima isiwake tena. Fundi wa Makoroboi akasema diski imekufa. Nikampigia aliyeniuzia, siku nne hapatikani. Alipopokea akaniambia bakapu ipo, ipo D. Wakuu, hiyo D ni chumba kingine cha diski ile ile! Nyumba imeungua, na ufunguo wa akiba ulikuwa ndani.

Nilikuwa nadai milioni nne na ushee. Nikazunguka duka kwa duka nikitegemea kichwa changu. Wengine walilipa, wengine wakasema tulishamalizana, na sikuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Mama mmoja wa Igoma alitoa daftari lake mwenyewe, akanisomea mkate kwa mkate, akalipa yote. Sitamsahau. Lakini oveni moja niliizima, na vijana wawili niliwaachisha. Mmoja alikuwa ameoa mwezi uliotangulia.

Leo nina mfumo tena, siukatai. Ila kila jioni nachapisha ukurasa wa madeni naweka kwenye faili, na flashi inalala nyumbani kwangu, si kiwandani.

MamaMche · saa 4:59
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

KijanaWaMifumo · saa 5:08
Pole mkuu. Ndiyo maana wa mtandaoni ni salama zaidi, kompyuta ikifa unafungua kwenye simu.

Mkate_Nyegezi · saa 5:15
Na mwezi ukikosa 65,000? Muulizeni kwanza kama akikufungia unaruhusiwa kutoa orodha yako ya wadaiwa.

Mzigo_Sengerema · Jumatano, saa 1:20 asubuhi
Mwangaluka. Mimi naogopa mifumo, TRA wataona kila kitu.

Mhasibu_Kirumba · saa 1:44
EFD zipo tangu 2010 mzee wangu, wanaona tayari. Siku hizi kuna na VFD, risiti inatoka kwenye simu. Aliyesajiliwa VAT bila ankara za manunuzi anaibeba ile asilimia 18 peke yake. Kumbukumbu zinamlinda mwenye kiwanda.

Mzigo_Sengerema · saa 2:02
Sawa, ila kinachoua si daftari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko. Dada anafika kwetu haraka, lakini lori la kiwanda kikubwa nalo linafika haraka, na sabuni yake imefungwa vizuri. Kompyuta itamsaidia nini hapo?

Chuma_Igogo · saa 2:15
Itamwambia anaweza kushusha bei mpaka wapi bila kuumia. Lori la kiwanda kikubwa linalijua hilo tayari.

Dada_wa_Nansio · saa 3:30
Mimi ni mnunuzi, nipo Ukerewe. Kinachonifanya nibaki na kiwanda kidogo ni simu: natuma oda WhatsApp, nalipa lipa namba, mzigo unapanda boti kesho yake. Aliyenipoteza alikuwa anasahau oda. Na ile namba ya mistari inayoanza na 620, pamoja na alama ya ubora ya TBS, wateja wanaangalia siku hizi.

Chuma_Igogo · saa 3:41
TBS anzia SIDO Nyakato, lile shirika la viwanda vidogo, wakuandikie barua ya utambulisho.

MamaMche · Jumamosi, saa 12:50 jioni
Wabeja sana wakuu. Jana tumepima bechi moja mwanzo mpaka mwisho, nimetenga miche kumi nitaipima kila wiki. Nilikuwa sihesabu kuni wala boti. Kijana wa mfumo nimemuomba anionyeshe bechi, amesema atarudi wiki ijayo. Binti wa Excel anaanza Jumatatu, na hela ya nyumbani nimejiwekea kiwango. La kununua bado sijaamua.

Mzigo_Sengerema · saa 1:17 usiku
Dada, mawese unatoa Kigoma moja kwa moja au kwa mtu wa hapo mjini? Mdogo wangu ana gari linarudi tupu kutoka Kasulu.

MamaMche · saa 1:25
Kwa mtu wa mjini. Anachukua madumu mangapi kwa safari?