Hotspoti, waya wa USB au ninunue rauta? Nipo Dodoma

zabibu_kavu: Wakuu habari za jioni. Nafungua steshenari Nzuguni, nataka intaneti ya simu iingie kwenye kompyuta ya ofisi. Kipi bora, hotspoti (simu irushe waifai), waya wa USB au rauta ndogo ya kuweka laini? Nijibuni leo, kesho naenda mjini kununua.

fundi_nkuhungu: Mkuu kompyuta ngapi? Simu gani? Hapo dukani mtandao upi unashika? Bila hayo tunapiga ramli tu.

MamaFotokopi: Waya, sina mjadala. Simu inachaji hapohapo, jirani haibi bando. Ila kama ni iPhone, Windows itataka kwanza programu ya Apple ndo iitambue.

kijana_ngongona: Waya mateso dada, ukipigiwa simu unaongea umeinama mezani. Hotspoti bwana. Weka masafa ya 5 GHz kama mpo chumba kimoja, ukuta ukikatiza rudi 2.4, na kompyuta za zamani 5 haziioni kabisa.

Mtumba_Line: Blutuuthi mnaisahau, chaji haiishi.

kijana_ngongona: Blutuuthi kasi yake haifiki hata Mbps 3 mzee, mteja anataka kupandisha PDF za vyeti utampa kiti alale?

BabuChako: Ngojeni niwaambie. Mimi kibandani kwangu msimu wa maombi ya mkopo wa chuo HESLB niliwasha hotspoti, bando jipya la asubuhi, watu wamejaa mpaka nje, kumbe Windows inajua ile ni waifai ya bure ikaanza kushusha apdeti kimyakimya, na kuna dogo nilimpa paswedi afungue imeili tu kumbe simu yake inapandisha mapicha yote ya harusi ya dada yake, saa sita bando limekata, binti wa watu yupo katikati ya kuweka cheti ukurasa ukaganda, akadai hela yake pale pale mbele za watu. Kwenye mipangilio ya waifai kuna mahali pa kuiambia Windows intaneti hii ni ya kupimwa (metered), isishushe ovyo, washeni hiyo kabla ya yote.

zabibu_kavu: Asanteni. Simu ni Android, kompyuta ziko mbili, ya mezani haina waifai.

fundi_nkuhungu: Si ungesema! Ya mezani ipe waya, laptopu ipe hotspoti, Android nyingi zinawasha vyote kwa pamoja.

Mtumba_Line: Na yeye akienda benki na simu yake duka linabaki na nini? Rauta, laini yake, imekaa dukani.

MamaFotokopi: Rauta na umeme ukikatika?

Mtumba_Line: Zipo za betri.

kijana_ngongona: Betri zenyewe zinavimba. Mi hotspoti nafanyia kazi hadi kwenye treni ya SGR, inakata kwenye mahandaki ya Kilosa tu.

BabuChako: We dogo SGR unapandia nini na juzi umenikopa bando? 😂

zabibu_kavu: Sasa hiyo ya betri inapatikana duka gani hapa mjini?

kijana_ngongona: Babu hayo mambo tuongee inbox.